Tumeuziwa nusu ya intaneti

Wasee, jana nimepanda matatu mbili kutoka Kibera hadi Kawangware kupeleka flashi. Ndani kulikuwa na GB 25 za video. Beshte yangu anayenihariria anaishi huko, ana wifi. Mimi niko Laini Saba, nina wifi. Na bado faili zimesafiri kwa barabara kama kuku.

Kabla mtu aseme "weka kwa Google Drive": nafasi ya bure ni GB 15, na hapo napakia mimi, kisha yeye anapakua tena. Nilichotaka ni kitu kidogo. Laptopu yangu mzee ikae kwa nyumba, nifungue poti moja kwa ruta, beshte achukue faili moja kwa moja. Nimekesha siku mbili. Poti ilifunguka, lakini hakuna kitu kiliingia.

Shida haikuwa ruta yangu. Ploti yetu inalishwa na dishi moja la setilaiti juu ya mabati, waya zinashuka hadi kwa kila chumba. Sasa, anwani za IPv4 dunia nzima ni kama bilioni 4.3, na watu tumepita bilioni 8. Kampuni zinawapanga wateja wengi nyuma ya anwani moja, mtindo unaoitwa CGNAT. Mwaka wa 2012 kulitengwa hadi fungu maalum la anwani kwa kazi hiyo, kuanzia 100.64 hadi 100.127. Angalia anwani ya upande wa nje kwa ruta iliyoshikana na dishi. Ikianza hivyo, wewe ni mmoja wetu.

CGNAT ni kama soja wa geti. Ukituma mtoto dukani, soja amemwona akitoka, akirudi anamfungulia. Lakini mgeni akija kukuulizia, soja hakujui. Huku kwetu nyumba hazina namba, mgeni anaambiwa "fika kwa reli unipigie," kwa hivyo hii tunaielewa kuliko wasee wa Kileleshwa. Na mimi nina masoja watatu: ruta yangu, ruta ya jamaa wa wifi, na kampuni ya dishi. Nilikuwa nimeongea na mmoja tu.

Hapa ndipo nakasirika. IPv4 imebana, sawa, lakini IPv6 ipo. Starlink, walioingia Kenya Julai 2023, humpa mteja fungu la IPv6 la /56, yaani mitandao 256. Ploti yetu ina vyumba 24. Fungu kama hilo lingempa kila mtu mtandao wake wenye anwani ya kweli, na chenji ibaki. Dishi letu pia linaipata IPv6, jamaa alinionyesha mwenyewe kwa simu yake. Beshte wa Kawangware tayari anayo. Kwa ruta ya MikroTik ni mistari michache tu: omba fungu, ligawe, andika njia na sheria za fayawoli. Jamaa ameizima. Nikamuuliza kwa nini.

"Buda, si TikTok inafunguka? Unataka nini tena?"

Manze! Kwa hivyo sisi wa mtaa ni wa kupakua tu. Mama wa kibanda akitaka kuona kamera yake akiwa ocha, picha lazima zipitie kampuni ya nje, na mara nyingi analipia kila mwezi. Kijana anayejifunza kutengeneza tovuti anakodisha seva Ulaya ndio jirani aone kazi yake. Pesa ya wifi tunalipa sawa na watu, lakini mlango ni wa kutoka tu.

Ana pointi moja, sikatai. Mwaka wa 2016 virusi vya Mirai viliteka kamera kibao zilizoachwa na nywila za kiwandani. Kufungua kila kitu ni ujinga. Lakini sijaomba hivyo. Fayawoli ifunge yote, iache poti ile mtu ameomba kwa jina lake. Kuna pia programu za kuchimba njia chini kwa chini, nimejaribu. Zikikosa njia, data inapitia seva ya mtu mwingine katikati, na yangu ilitambaa.

Kesho narudi kwake na sheria nimeziandika kwa karatasi, poti moja tu, 8443. Akikataa, flashi bado iko kwa mfuko.