Tangi la matumbawe: jiwe kwanza, samaki baadaye

Vijana wa pwani wanaoniuliza kuhusu kufuga samaki wa mapambo wa baharini kwa ajili ya hoteli na ofisi wanazidi kuongezeka. Mimi naunga mkono. Lakini karibu wote huanza na swali moja: nipate wapi samaki? Hapo ndipo tunapishana. Kwa maoni yangu, ukitaka tangi la matumbawe likulipe, anza na jiwe kavu, uliandae mpaka liwe tayari, ndipo uwaze samaki.

Najua kuna njia ya mkato. Unaingia baharini maji yakitoka, unang'oa jiwe hai, lile lenye viumbe na bakteria tayari, unaliweka kwenye tangi. Ni kweli tangi hutulia mapema. Lakini jiwe hilo ni nyumba ya samaki anaowategemea mvuvi wa kijiji chako. Mwaka 1998 joto la bahari liliua matumbawe mengi upande huu wa Bahari ya Hindi, na tumbawe halioti kama sukumawiki. Tena matumbawe magumu, pamoja na hayo mawe hai, yamo kwenye Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES. Kuyauza nje ya nchi kunahitaji vibali. Biashara ya kujificha siyo biashara ya kuombea mkopo.

Jiwe kavu tunalo. Ni yale mawe ya matumbawe ya nchi kavu, miamba ya kale iliyobaki juu bahari iliposhuka. Ndiyo yaliyojenga Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar. Nunua kwa mchimbaji mwenye kibali. Chagua mepesi yenye matundu mengi, maana bakteria wanakaa humo. Dondoshea siki, likitoa povu ujue ni kalsiamu kaboneti, ndugu yake chokaa tunayomwaga kwenye udongo wenye asidi. Wafugaji wengi huanzia kilo 12 kwa lita 100 za maji, na jiwe lenye matundu mengi unaweza kupunguza.

Ulizia pia jiwe limetoka wapi. Lililokaa pembeni ya shamba la nyanya linalopigwa dawa ya kopa, liache. Shaba hunasa kwenye jiwe, kisha inatoka kidogo kidogo na kuua kamba na matumbawe.

Sasa kuliandaa. Sugua kwa brashi, toa udongo na mizizi. Kama lina mabaki ya viumbe vilivyokauka, loweka siku kadhaa kwenye maji yenye jiki isiyo na manukato, sehemu moja ya jiki kwa kumi za maji. Suuza mara nyingi, anika juani mpaka harufu iishe kabisa, halafu loweka tena kwenye maji yenye dawa ya kuondoa klorini. Wapo wanaotumia asidi kula tabaka la juu. Mimi sishauri kwa anayeanza, na jiki na asidi zisikutane hata kwa bahati mbaya: zinatoa gesi ya klorini, na gesi hiyo inaua.

Baada ya hapo weka mawe kwenye pipa la plastiki lenye maji ya chumvi, gramu 35 kwa lita, joto nyuzi 25 hadi 27, pampu ikizungusha maji, pipa limefunikwa lisipate mwanga. Kila wiki pima fosfeti. Hapa wakulima mtanielewa haraka. Mnajua jinsi udongo wenye chokaa nyingi unavyoshika fosforasi ya DAP mpaka mmea unakosa. Jiwe hili linafanya vilevile: limeshika fosfeti, na likikaa majini linaiachia taratibu. Shambani tunaitafuta, kwenye tangi inalisha mwani unaofunika kila kitu. Badilisha maji mpaka kipimo kibaki chini ya miligramu 0.1 kwa lita bila kupanda tena.

Hatua ya mwisho ni kulea bakteria. Tia amonia safi isiyo na sabuni mpaka maji yasome miligramu 2 kwa lita. Kundi la kwanza la bakteria hugeuza amonia kuwa naitraiti, la pili hugeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo sumu yake ni ndogo. Mara nyingi kazi hii huchukua wiki 4 hadi 8. Tangi liko tayari pale unapotia miligramu 2 leo, na kesho saa kama hiyo amonia ni sifuri na naitraiti ni sifuri. Badilisha sehemu kubwa ya maji, kisha ingiza samaki wawili watatu tu. Bakteria nao wanahitaji muda wa kuongezeka.

Mtaniambia muda ni pesa. Sawa. Lakini nani kati yenu anashusha vifaranga 500 kwenye banda ambalo halijapuliziwa dawa na bruda haijawashwa? Hakuna. Samaki anayeingizwa kwenye jiwe lisiloiva anaogelea kwenye amonia yake mwenyewe. Akifa anaongeza amonia, na wenzake wanafuata. Hoteli iliyopokea tangi la namna hiyo haikupigii simu mara ya pili.

Kwa hiyo nikikagua mpango wa biashara wa kijana, naangalia kwanza kama ameandika miezi mitatu bila mapato: umeme wa pampu, chumvi, vipimo, na chakula chake mwenyewe nyumbani. Asipoiandika namrudishia karatasi. Kama mtaji wako hauwezi kubeba miezi hiyo, usikope kununua samaki. Nunua mawe, pipa, pampu na vipimo. Hivyo ukivitunza havifi, na jiwe lililoiva unaweza kumuuzia mwenzako anayeanza kabla hata hujafuga samaki mmoja.