Miaka 60 ya Kijiji cha Makumbusho: nyumba huoza, ufundi usioze

Dar es Salaam nzima inaijua Makumbusho. Inaijua kama stendi: mahali pa kuteremka, kununua vocha na kuunganisha gari la Posta au Tegeta. Wanaovuka geti la jirani na kuingia katika kijiji kilichoipa stendi hiyo jina ni wachache, na wengi wao ni wanafunzi waliopangwa mstari na mwalimu wao, au wageni wenye kamera. Mwaka huu Kijiji cha Makumbusho, pale Kijitonyama kando ya barabara ya Bagamoyo, kinatimiza miaka 60. Tunakipa hongera zake, na tunasema mapema kwamba hongera hizi zina deni ndani yake.

Kijiji kilianzishwa mwaka 1966, Uhuru wa Tanganyika ukiwa na miaka mitano na Muungano miwili. Makumbusho ya mjini, karibu na Bustani ya Mimea, yalikuwa yamefunguliwa mwaka 1940 kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Makumbusho ya zama zile yalizoea kumwonyesha Mwafrika kwa vipande: mkuki wake, ngoma yake, chungu chake, vyote nyuma ya kioo. Kule Kijitonyama Mwafrika akapewa nafasi ya mwenye nyumba. Hilo halikuzuka tu. Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipoanza urais wa Jamhuri, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, kwa hoja kwamba hakuna kosa la ukoloni lililozidi lile la kutuaminisha kuwa hatukuwa na utamaduni wetu. Miaka minne baadaye hoja hiyo ikajengwa kwa fito, nyasi na udongo.

Kilichopatikana ni darasa ambalo nchi hii haijalitumia vya kutosha. Tanzania ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 945,000 na makabila zaidi ya 120. Hakuna anayeweza kuionyesha yote mahali pamoja, lakini nyumba zilizosimama pale zinatosha kumfundisha mtoto kusoma nchi yake. Msonge wa Wahaya umevikwa nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi. Umbo hilo linaeleweka mara moja ukijua kwamba Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka: paa lenye mteremko mkali halilipi tone muda wa kupenya. Tembe la Wagogo ni kinyume chake, fupi na pana, lenye paa bapa la udongo juu ya magogo. Dodoma mvua ya mwaka kwa kawaida haifiki milimita 600 na miti mirefu ni adimu, kwa hiyo paa la mteremko lingekuwa anasa. Paa bapa likawa pia uwanja wa kuanikia mtama, na vyumba vikauzunguka ua ambamo ng'ombe walilala salama.

Wanyakyusa wa Rungwe walijenga kwa mianzi kwa kuwa mianzi waliikuta mlangoni. Wachaga waliwalaza watu na ng'ombe chini ya paa moja la nyasi, na haikuwa kwa kukosa ustaarabu. Kihamba kwenye miteremko ya Kilimanjaro ni kidogo, hakuna pa kuchungia, usiku una baridi, na samadi ya zizini ndiyo uhai wa mgomba. Wazaramo wa pwani walipanga nguzo, wakafunga fito, wakakandika kiambaza na kuezeka makuti, hewa ikapita. Mbele wakaweka baraza ili mgeni apokelewe kwa heshima kabla ya kufika chumbani. Kitabu kinamwambia mwanafunzi kwamba hali ya hewa huathiri maisha ya watu. Hapa analigusa jambo hilo kwa kiganja.

Tusifiche kinzani moja. Dola ileile iliyohifadhi tembe ndiyo iliyowahimiza wananchi waliache. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na hasa wakati wa Operesheni Vijiji katikati ya miaka ya 1970, mamilioni ya watu walihamia au walihamishiwa vijijini, na maneno "nyumba bora" yakawa na maana ya tofali na bati. Ugogo ilitangulia, kwa Operesheni Dodoma. Hatuwabezi waliofurahia kuhama: aliyelala kwenye moshi na kupambana na mchwa kila msimu ana haki ya kulipenda bati. Gazeti hili halimwambii mtu arudi kwenye tembe. Lakini tulipotupa nyumba tulitupa na akili iliyoijenga. Leo tunajenga nyumba ileile ya matofali na bati kutoka Bukoba hadi Mtwara, bila kujali joto, upepo wala mvua ya mahali, kisha tunanunua feni. Wakati huohuo hoteli za kitalii za pwani zinaezeka makuti na kumtoza mgeni fedha nyingi alale chini yake.

Hapo ndipo deni la jubilei linapoanzia. Fuvu la Zinjanthropus, alilolipata Mary Leakey kule Olduvai Julai 1959, limo mikononi mwa Makumbusho ya Taifa hayahaya yanayosimamia kijiji hiki. Lilikaa ardhini kwa miaka ipatayo milioni 1.75, likipata kabati salama na mtunzaji makini litawafikia vitukuu. Nyumba ya nyasi haina subira hiyo. Mchwa wanaila kutoka chini na masika yanaiozesha kutoka juu. Tembe lililobuniwa kwa ukavu wa Dodoma linasimama Kijitonyama, katika jiji linalopata mvua inayozidi milimita 1,000 kwa mwaka. Kulitunza ni kulijenga tena na tena.

Kwa hiyo mali kuu ya kijiji hiki ni ufundi: kujua nyasi zipi zikatwe na wakati gani, fito zifungwe kwa kamba ipi, udongo ukandwe mpaka ushike vipi. Mali hiyo haipigwi namba kwenye daftari la vifaa. Imo mikononi mwa wazee, na wazee wanaondoka.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila ukarabati uwe darasa la wazi. Fundi mzee anapoezeka, wawepo vijana wa VETA na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi, washike kazi, wapige picha, wapime na kuandika. Pili, halmashauri za mikoa yenye nyumba pale zichukue wajibu wa nyumba zao: Rungwe ilete mianzi, Bukoba ilete nyasi na mwezekaji. Siku ya Mtanzania, ambayo kwa miaka mingi imezipa jamii zetu nafasi ya kuonyesha ngoma, vyakula na mila zao pale kijijini, imethibitisha kuwa watu wakiitwa huja. Waitwe pia kwa kazi ya ujenzi, si kwa ngoma peke yake. Tatu, kila shule ya msingi ya Dar es Salaam ihakikishe mtoto hamalizi darasa la saba bila kupita geti lile akiwa na maswali ya jiografia mkononi.

Wasemaji wa jubilei watakumbusha kwamba mwacha asili ni mtumwa, na tutawapigia makofi. Makofi hayaezeki paa. Kipimo cha miaka 60 hii kiwe kimoja: kijiji kikitimiza miaka 70 na msonge ukidai nyasi mpya, apatikane kijana wa chini ya miaka 40 atakayepanda na kuuezeka barabara, bila kuhitaji mzee wa kumwelekeza kutoka chini.