Sikiliza Gurudumu Kabla Halijachomoka



Mwezi huu tunazungumza juu ya sauti za magurudumu ya gari.

Pikapu ya kijijini hufanya kazi nyingi. Hubeba pamba, mahindi na mbolea. Siku nyingine hubeba mama mjamzito kwenda hospitali. Gurudumu likichomoka njiani, hasara si ya gari peke yake. Watu huumia, na wengine hufa.

Lakini mara nyingi gurudumu halichomoki bila kutoa dalili. Kwanza hulia. Huweza kulia kwa siku nyingi. Dereva mwingine huongeza sauti ya redio na kusema, "Ni barabara tu hiyo." Pengine ni barabara kweli. Pengine siyo. Je, tutajuaje? Fuata hatua hizi.

HATUA YA 1: JE, NI INJINI?

Sauti ya injini hufuata mafuta. Sauti ya gurudumu hufuata mwendo. Simamisha gari, weka gea huru, kisha kanyaga mafuta. Ukiisikia sauti ile ile, tafuta kwenye injini. Kama haisikiki, na hurudi tu gari linapotembea, tafuta kwenye magurudumu au kwenye vyuma vinavyoyazungusha.

HATUA YA 2: BADILISHA BARABARA

Tairi huimba kufuatana na barabara. Kwenye changarawe lina sauti yake, na kwenye lami lina sauti nyingine. Tairi lenye kashata kubwa za kukanyagia tope huvuma sana kwenye lami. Hiyo ni kawaida.

Sasa sikiliza gari linapotoka kwenye barabara mbovu na kuingia kwenye barabara laini. Sauti ikibadilika sana, shuku tairi. Mvumo ukibaki ule ule, na kuzidi kila unapoongeza mwendo, shuku beringi.

Beringi ni nini? Ni chuma cha mviringo kilichomo katikati ya gurudumu. Ndani yake mna gololi, au vyuma vidogo mfano wa mapipa. Hivyo ndivyo vinavyofanya gurudumu lizunguke kwa wepesi, na hulainishwa kwa grisi. Grisi ikiisha, au maji na mchanga vikiingia, vyuma husagana. Gari linalovuka mito limo katika hatari zaidi. Gurudumu lenye joto likizama majini hupoa ghafula, na maji huvutwa mpaka ndani.

HATUA YA 3: PINDA KULIA NA KUSHOTO

Tafuta mahali peupe pasipo na watu. Endesha kwa mwendo wa wastani. Pinda kidogo kulia, kisha kushoto. Gari likipinda kulia, uzito huelemea magurudumu ya kushoto. Kwa hiyo, mvumo ukizidi unapopinda kulia, anza kukagua beringi za kushoto. Ukizidi unapopinda kushoto, anza na za kulia. Kipimo hiki si cha hakika kila mara, lakini ni mwanzo mzuri.

HATUA YA 4: TUMIA MKONO

Baada ya safari, sogeza mgongo wa mkono karibu na katikati ya kila gurudumu. Usiguse, maana unaweza kuungua. Gurudumu moja likiwa na joto kali kuliko mwenzake wa upande wa pili, lina shida. Huenda ni beringi, au ni breki inayong'ang'ania.

Kisha gari likipoa, liegeshe mahali tambarare. Weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Inua gurudumu unaloshuku kwa jeki. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Shika tairi juu na chini, ulitikise. Kisha lizungushe. Likicheza, au likikwaruza linapozunguka, mwite fundi kabla ya safari nyingine.

Beringi za pikapu nyingi za zamani huweza kufunguliwa, kusafishwa, kutiwa grisi mpya na kukazwa kwa kipimo. Magari mengi ya siku hizi yana beringi zilizofungwa kiwandani. Hizo hazifunguliwi. Zikilia hubadilishwa.

KABLA HUJANUNUA TAIRI

Wako watu ambao husikia mvumo, wakanunua matairi mapya manne, na mvumo ukabaki pale pale. Fedha imekwenda, na hatari ipo. Pima kwanza. Pitisha kiganja polepole juu ya tairi, ukijihadhari na waya zilizochomoza. Ukigusa kashata zenye makali upande mmoja kama meno ya msumeno, tairi hilo limelika vibaya. Huenda upepo hautoshi, magurudumu hayakunyooshwa sawa, au shokamzoba zimechoka. Matairi yakiwa ya kipimo kimoja, hamisha ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Sauti ikihama, tairi ndilo lenye makosa.

SAUTI NYINGINE NA MAANA YAKE

1. Tik-tik-tik inayoongezeka kwa mwendo: huenda jiwe limenasa kwenye kashata. Litoe. Kama ni msumari, usiuchomoe kabla hujawa tayari kubadilisha gurudumu.

2. Mkwaruzo wa chuma ukikanyaga breki: huenda pedi za breki zimekwisha. Usiendelee na safari.

3. Mkwaruzo usiokoma baada ya kupita changarawe: huenda kijiwe kimenasa kati ya diski ya breki na bati lake la kinga. Fundi atakitoa upesi.

4. Ka-ka-ka ukikata usukani sana, kwa gari linalovutwa na magurudumu ya mbele: huenda kiungo cha ekseli kimechakaa.

5. Du-du-du na mtikisiko, hata kwa mwendo mdogo: simama mara moja. Huenda tairi limevimba, au nati zimelegea. Hii ndiyo sauti ya kuogopwa kuliko zote.

Nati zikazwe kwa kuvuka. Kaza moja, kisha ile inayoielekea upande wa pili, mpaka ziishe. Gurudumu likisha kubadilishwa, nati zikaguliwe tena baada ya kilometa 50 hadi 100, kwa sababu huweza kulegea.

NAWE USIYE DEREVA

Usidhani maneno haya hayakuhusu. Mtu aliyekaa nyuma ya pikapu huyasikia magurudumu ya nyuma vizuri kuliko dereva aliye mbele. Ukisikia gurudumu linalia, usinyamaze kwa kuogopa kuchelewesha safari. Mwambie, "Ndugu dereva, gurudumu la nyuma linagonga. Hebu simama tuangalie." Dereva mwema hatakasirika. Atasimama, atashuka na spana yake, na atakagua. Dakika kumi za kukagua si kitu mbele ya uhai wa watu kumi.

Kumbuka: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MASWALI YA KUJADILI

1. Sauti ya injini na sauti ya gurudumu zinatofautianaje?

2. Mvumo ukizidi gari linapopinda kulia, utaanza kukagua upande gani? Kwa nini?

3. Katika kijiji chenu, gari likivuka mto, nani hukagua beringi zake? Na lini?

Mwezi ujao tutazungumza juu ya breki.