Ruzuku ya mbolea: Bei ya ghalani si bei ya shambani

Serikali ya Kenya ilipopunguza bei ya mfuko wa mbolea wa kilo 50 kutoka Sh6,500 hadi Sh3,500 mnamo Septemba 2022, na kisha hadi Sh2,500 mwaka uliofuata, wakulima wa Kaunti ya Trans Nzoia walikuwa na kila sababu ya kushangilia.

Kaunti hiyo ni miongoni mwa zile zinazozalisha mahindi kwa wingi nchini. Kwa hivyo, ruzuku si suala la wakulima pekee. Linamhusu pia mlipa ushuru wa mjini, ambaye hugharimia tofauti hiyo ya bei na ambaye hutarajia kuiona kwenye bei ya unga.

Je, nafuu hiyo humfikia nani?

Tuanze na hesabu. Wakulima husajiliwa, na mgao wa kila mmoja hulingana na ukubwa wa shamba lake. Tukichukulia mfuko mmoja kwa ekari, mwenye ekari 1 huokoa Sh4,000 ikilinganishwa na bei ya awali. Mwenye ekari 100 huokoa Sh400,000. Mpango unaotetewa kwa jina la mnyonge humfaidi zaidi mwenye nacho.

Kisha kuna umbali. Mwenye lori huchukua mgao wake wote kwa safari moja. Mkulima mdogo wa Endebess anayefuata mifuko miwili hulipa nauli ya kwenda na ya bodaboda wa kumbebea mzigo, na zamu yake isipofika hurudi siku ya pili kwa gharama nyingine. Hayo hayamo katika bei inayotangazwa.

Zaidi ya yote kuna wakati. Trans Nzoia hutegemea msimu mmoja mkuu wa mahindi, ambao upanzi wake hufanywa Machi na Aprili. Mbolea ya kupandia ikifika baada ya hapo, unafuu wake haumsaidii aliyekwisha kupanda bila mbolea, au aliyekopa akanunua dukani kwa bei ghali.

Ndiyo sababu sakata ya mbolea ghushi ya mwaka 2024 iliuma sana. Ilifichuka wakati huohuo wa upanzi. Bunge lilijadili hoja ya kumng'oa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi, na kamati maalumu ikamwondolea lawama mwezi Mei. Serikali iliahidi kuwafidia wakulima walioathiriwa. Lakini mfuko unaweza kufidiwa. Msimu uliopotea haurudi.

Wakulima hao hawakuwa wageni wa masaibu. Mwaka 2018 walingoja kwa miezi malipo ya mahindi waliyouzia Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao (NCPB), huku kukiwa na tuhuma kwamba wafanyabiashara walikuwa wamelipwa mabilioni ya shilingi. Wakati huo pia, fedha zilitengwa kwa jina la mkulima.

Kufuta ruzuku si suluhu. Linalohitajika ni kuweka kikomo cha mifuko kwa kila mkulima, kusogeza vituo karibu na vijiji, kupima ubora kabla ya mbolea kuuzwa na kuhakikisha imefika kabla ya Machi. Orodha ya waliopewa na kiasi walichopata ibandikwe hadharani katika kila kituo.

Bila hayo, serikali itaendelea kuhesabu mifuko iliyotoka ghalani, ilhali mkulima mdogo anahesabu siku zilizosalia kabla ya mvua.