Chanjo ya homa ya ini iwafikie na wanaofagia wodi

Tukizungumzia chanjo ya homa ya ini B hospitalini, mawazo hukimbilia kwa madaktari na manesi, huku anayebeba takataka za wodi na anayefua mashuka yenye damu wakisahaulika. Hao ndio hukutana na sindano iliyotupwa ovyo, na wengine ni vibarua wa kampuni za usafi, hawamo kwenye orodha ya mtu yeyote. Kirusi cha homa ya ini B huweza kudumu kwenye damu iliyokauka kwa siku 7 au zaidi. Asiye na kinga akichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa hiyo, hatari ya kuambukizwa yaweza kufika asilimia 30. Kwa VVU ni takribani asilimia 0.3! Chanjo ni dozi 3 ndani ya miezi 6, na wapo wanaoishia ya kwanza. Wakuu wa vituo, msisubiri mtu achomwe ndipo mumtafutie chanjo. Mpeni dozi ya kwanza siku anayoanza kazi, mkumbusheni zilizobaki, na asilipishwe hata shilingi.