Mtambo Ukishindwa, Uangukie Gizani

Miale ya leza imekuwa pambo la kawaida la matamasha. Aghalabu watazamaji huvutiwa na rangi zake pasi na kujua kwamba kinachowalinda ni mwendo. Ndani ya mtambo mna vioo viwili vidogo vinavyocheza kwa kasi kubwa ili kuutembeza mwale na kuchora maumbo. Madhali mwale unatembea, jicho hupata sehemu ndogo tu ya nguvu zake. Vioo vikikwama, nguvu zote huangukia mahali pamoja.

Wapo wanaodai kwamba jicho hujifumba lenyewe likimulikwa. Hoja hii haina mashiko. Kope huchukua takriban robo ya sekunde kufumba, muda unaotosha kwa leza hafifu za miliwati 1. Leza za maonyesho mara nyingi huzidi miliwati 500, nazo huwekwa katika daraja la 4, lililo hatari kuliko yote. Retina yaweza kuungua kabla ya kope kushuka. Ndiyo maana kinga iliyoundwa vyema hufuatilia mwendo wa vioo bila kukoma. Vikisita tu, huukata mwale katika milisekunde chache.

Fauka ya hayo, kilango cha mtambo bora hushikiliwa wazi kwa nguvu za umeme. Umeme ukipotea, springi hukifunga. Yaani hata mlinzi mwenyewe akishindwa, matokeo huwa giza, wala si mwako. Tena mwale haupaswi kurudi wenyewe: hapana budi fundi akague, kisha auwashe kwa mkono wake. Fundi anayeizima kinga hii kwa kuchelea onyesho kukatizwa huthamini shangwe ya usiku mmoja kuliko macho ya maisha.

Hata hivyo, kinga nayo ina upofu wake. Mnamo Julai 2008, katika tamasha la Aquamarine karibu na mji wa Kirzhach, Urusi, takriban watu 30 waliripotiwa kujeruhiwa retina. Mvua ilikuwa imelazimisha mahema kusimamishwa, na miale iliyokusudiwa angani ikawafikia watu. Kinga inayochunga vioo haijui vichwa vya watu viko wapi. Hilo ni jukumu la binadamu: kupima nguvu za mwale kabla ya onyesho, kuielekeza miale juu ya hadhara, na kumweka mtu karibu na kitufe cha dharura, macho yake yakiwa kwa watu.

Hapa ndipo wanaisimu wa Afrika Mashariki wanapohusika. Onyo lililoandikwa kwa lugha asiyoimudu fundi ni sawa na kilango kilichokwama. Istilahi za usalama wa leza zitungwe, zisanifishwe na kubandikwa kwenye mitambo kwa Kiswahili. Wahenga walinena: tahadhari kabla ya hatari. Tahadhari isiyoeleweka si tahadhari.