Tunauziwa Dubai kwa laki sita na nusu

Najua nimepotea tangu majaribio yaanze, na niliahidi kwamba nikirudi nitaandika juu ya maji ya hosteli. Maji yatasubiri, ndoo tumeshazizoea. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumamosi na nisipolitoa leo sitasoma kitu.

Jumamosi kulikuwa na semina hapa chuoni. Matangazo yalibandikwa kila mahali, mpaka mlango wa bafu la ghorofa ya tatu: namna ya kupata kazi ya ualimu katika shule za kimataifa nje ya nchi. Kiingilio buku tano. Sisi watu wa Elimu tulijaa mpaka wengine wakasikilizia madirishani. Wala sishangai. Serikali ilipoanza kuwafanyia walimu usaili Januari 2025, nafasi hazikufika 15,000 na walioomba walizidi 200,000. Piga hesabu mwenyewe. Kila aliyekuwemo ndani ya ule ukumbi ana kaka, dada au binamu mwenye digrii ya ualimu anayeendesha bodaboda, au anayefundisha tuisheni uani kwa watu kwa hela ya mboga. Sasa akitokea mtu akasema Dubai kuna shule zinatafuta walimu, nani hatasikiliza? Hata mimi nilikaa, tena siti ya mbele.

Jamaa alivaa suti ya kijivu na alijiita mshauri wa ajira za kimataifa. Aliongea saa mbili, lakini ukiyakamua maneno yake yanabaki matatu. Moja, digrii ya ualimu ya Tanzania huko nje haina thamani. Mbili, kinachotakiwa ni cheti cha kufundisha Kiingereza kwa wageni, cha saa 120, unasomea kwenye simu yako. Tatu, cheti hicho anacho yeye, shilingi 650,000, na ukilipa kabla ya mwisho wa mwezi anakupunguzia hamsini.

Kisha akaanza kuuliza masomo tunayosomea. Wa Hisabati akasifiwa. Wa Baiolojia akasifiwa. Ikafika zamu yangu, nikasema Kiswahili na Historia. Akanitazama, akacheka: "Dada yangu, Dubai Kiswahili utamfundisha nani? Ngamia?" Ukumbi mzima ukacheka. Na mimi nikacheka. Hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo, kwamba na mimi nilicheka.

Ningenyamaza kama yasingekuwepo ya chumbani. Mwenzangu wa chumba alishanunua cheti kama hicho tangu mwaka jana, kwa mtu mwingine mwenye maneno yale yale. (Nimemwomba ruhusa ya kuandika, akasema andika ila jina langu usiweke.) Hela alitoa mama yake, na mama yake aliikopa kwenye kikoba. Mimi bumu langu ni 10,000 kwa siku, kwa hiyo laki sita na nusu ni siku 65 za kula. Kwa mama anayeuza maandazi sijui ni siku ngapi za kuamka saa kumi alfajiri. Cheti kilikuja kwa PDF, kina nembo ya dhahabu, kizuri kweli. Mwenzangu akaomba kazi shule kumi na moja za Ghuba. Kumi hazikujibu. Moja ilijibu kwa maswali matatu: umesajiliwa kama mwalimu wapi, umefundisha miaka mingapi tangu uhitimu, na mkuu wako wa shule wa sasa ni nani tumwandikie. Cheti chake hawakukiuliza kabisa. Mwisho wakamwambia kwa upole aombe tena akishahitimu na kufundisha miaka miwili.

Ushauri huo aliupata bure. Wa laki sita na nusu haukumwambia.

Sasa mi nasema hivi, na anayebisha anijibu kwa hoja: hawa watu hawatuuzii sifa ya ualimu, wanatuuzia aibu ya kuwa na sifa tuliyo nayo. Nieleze.

Kwanza wanachanganya kazi mbili kwa makusudi. Kuna kituo cha lugha, mahali watu wanapojifunza kuongea Kiingereza, na kuna shule ya kimataifa. Kituo cha lugha ndiko cheti cha TEFL kinakouzika, na sikatai, huko kina kazi yake, nchi nyingine zinakidai kabisa. Shule ya kimataifa ni shule. Ina Fizikia, Historia, Hisabati, darasa la kwanza mpaka mtihani wa mwisho, na inafuata mtaala wa IB, wa Cambridge au wa Kimarekani. Inamtaka mwalimu mwenye digrii ya somo lake, aliyesomea ualimu, mwenye usajili au leseni ya kule alikosomea, aliyefundisha kweli, asiye na kesi polisi. Kwa kawaida miaka miwili ya kufundisha baada ya kuhitimu ndiyo wanaanzia kukusikiliza. Cheti cha kufundisha Kiingereza kwa wageni kitamsaidia nini wa Baiolojia aliyesifiwa pale ukumbini? Si angalau angeulizwa anataka kufundisha nini?

Pili, huko kwenye Kiingereza chenyewe kuna kitu hakikutajwa hata mara moja, nacho ni pasipoti. Chukua Korea Kusini, ambayo jamaa aliitaja mara nyingi. Viza yao ya kufundisha mazungumzo ya Kiingereza, inaitwa E-2, orodha yake ya kawaida ni raia wa nchi saba: Marekani, Kanada, Uingereza, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Tanzania haimo. Unaweza kuongea Kiingereza cha Malkia mpaka ulimi ukatike, na cheti chako kikawa cha saa 120 au 1,200, pasipoti yako ni ile ile. Hivi mtu anayejiita mshauri hajui hilo? Kama hajui, buku tano zetu alikula za nini? Kama anajua, basi mnajua anaitwaje.

Tatu, kuna milango mingine ambayo kweli ni migumu kwetu, na tunahitaji kuambiwa ukweli wake. Shule nyingi zenye mtaala wa Kiingereza hupenda QTS, yaani hadhi ya mwalimu aliyetambuliwa England. Februari 2023 walifungua utaratibu mpya wa walimu wa nje kuiomba. Ile orodha ya kwanza ilikuwa na nchi tisa, na kwa upande wa Afrika zilikuwa Ghana, Nigeria, Afrika Kusini na Zimbabwe. Sisi hatukuwemo. Kenya hawakuwemo. Kuna na PGCE ya kimataifa inayosomwa kwa mtandao, ni nzuri, lakini yenyewe peke yake haikupi QTS, na kuna watu wanaiuza kama vile inakupa. Mambo kama haya ndiyo ya kutuitia semina. Tungeambiwa lipi limefungwa na lipi liko wazi, mtu akaamua hela ya mama yake aipeleke wapi.

Na leseni je? Mkenya akiulizwa usajili wake anatoa namba ya TSC, kazi imekwisha. Kwetu sheria ya kuunda Bodi ya Kitaalamu ya Walimu ilipitishwa mwaka 2018. Jumapili nilizunguka hosteli nikawauliza wenzangu wanane wa mwaka wa tatu: ukiombwa leseni ya ualimu utaipata kwa nani? Hakuna aliyejibu. Wanane, wote wa Elimu, wote wanahitimu mwaka huu. Mmoja aliniuliza kama naumwa.

Hapo sasa lawama zangu zinahama kwa yule jamaa wa suti, zinarudi nyumbani. Yeye ni mfanyabiashara, aliona duka tupu akaingia. Aliyeacha duka tupu ni nani? Miaka mitatu tumefundishwa nadharia za ujifunzaji, Piaget tunamjua kuliko wajomba zetu, lakini hakuna hata mchana mmoja ambao mtu alikaa nasi akatueleza vyeti vyetu vinathibitishwaje kwa matumizi ya nje. Kwamba ukienda Falme za Kiarabu digrii inapita kwanza mihuri ya kwenu, halafu ubalozi wao, halafu wizara yao, na mlolongo huo una gharama na muda. Kwamba shule zinazofungua Agosti huanza kutafuta walimu miezi mingi kabla, kwa hiyo ukiamka Julai umechelewa. Kwamba shule halali haimtozi mwalimu hela ili imwajiri. Haya si siri ya dola. Mchana mmoja tu, na wale mia tatu wa Jumamosi wangebaki na buku tano zao.

Nne, na hili ndilo langu binafsi: ngamia. Nilivyorudi chumbani nilijiuliza kwa nini nilicheka. Nadhani nilicheka kwa sababu nilishaamini kabla yake. Tunafundishwa kuamini hivyo tangu kidato cha kwanza, kwamba wa Kiswahili ni aliyekosa cha kusoma. Lakini tuangalie mambo yalivyo. IB wana Kiswahili kati ya lugha chache ambazo mwanafunzi anaweza kuanza kujifunza kutoka sifuri katika diploma yao. Cambridge wana mtihani wa Kiswahili wa IGCSE. Mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha, FLTA, umepeleka vijana wa Afrika Mashariki vyuo vya Marekani kufundisha Kiswahili hiki hiki. SADC walikifanya lugha rasmi 2019, Umoja wa Afrika wakafuata 2022, na UNESCO waliipa Julai 7 kuwa siku yake. Sisemi kazi zimejaa huko, zisije zikawa ndoto nyingine ninayouza mimi. Nafasi ni chache na wanaozitaka ni wengi. Ninachosema ni kwamba penye Kiswahili, huniambii nibadilishe lafudhi. Hapo aliyezaliwa Korogwe hahitaji kuomba radhi kwa kutozaliwa Kanada. Halafu huyo mshauri anataka niweke pembeni kitu pekee ninachoweza kukifundisha bila kuigiza, nikanunue cheti cha kuwa Mwingereza nusu.

Najua mtakayosema. Mtasema wivu, sina laki sita. Kweli sina. Mtasema bora cheti kuliko kukaa tu. Ndugu yangu, kukaa hakukudai riba, kikoba kinadai kila wiki. Mtasema kuna fulani alikwenda na cheti hicho hicho. Inawezekana, na nampongeza, ila muulize vizuri alikwenda nchi gani, kufundisha nini, kwa viza ipi, na alikuwa ameshafundisha miaka mingapi. Na mtasema hiyo miaka miwili tutaipatia wapi wakati ajira hakuna? Hapo mmenishika, na sina jibu tamu. Ninachokiona mimi ni shule binafsi, kujitolea, na shule za kimataifa zilizopo hapa hapa nchini, hata kama utaanza kama msaidizi wa darasa na utalipwa kwa kiwango cha wa hapa huku jirani yako aliyetoka nje analipwa kwa kiwango kingine. Inauma, najua. Lakini ukitoka hapo unatoka na barua ya mkuu wa shule, na barua hiyo ndiyo mwenzangu aliyoombwa.

Nilipokuwa mazoezi ya kufundisha mwaka jana, mkoa wa Dodoma, nilipewa kidato cha pili chenye wanafunzi 94. Madawati hayakutosha, chaki nilinunua mwenyewe. Wiki ya kwanza nilifundisha ngeli nikaelewa mwenyewe peke yangu. Wiki ya nne nikawagawa kwa makundi, kila kundi likaleta vitu kutoka nyumbani, majembe, mayai, kandambili, tukazipanga ngeli chini ya mwembe. Yapo yote kwenye maazimio ya kazi na maandalio yangu ya somo, na maoni ya mwalimu mwenyeji yameandikwa kwa kalamu nyekundu. Nilikuwa nimeyatupa chini ya kitanda pamoja na viatu. Jumapili usiku nimeyatoa, nimeyapangusa vumbi, nimeyapiga picha moja moja na kuyahifadhi. Mwenzangu naye akachukua ya kwake. Tulikaa mpaka saa saba tunapanga makaratasi, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana sikumwona anakifungua kile cheti chenye nembo.

Kesho saa nne naenda kwa mkuu wa idara kuomba huo mchana mmoja. Mpaka sasa tuko kumi na wawili tuliosaini barua. Ukiwa wa Elimu na unasoma hapa, njoo uwe wa kumi na tatu, tunakutana nje ya maktaba saa tatu na nusu. Usije na hela.

Mama yake mwenzangu alipiga simu tena jana jioni. Ikawekwa sauti kubwa kwa sababu spika ya sikioni imeharibika, kwa hiyo nilisikia. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Wenzangu wa kikoba wananiuliza, hicho cheti ndo kinakupeleka lini?" Mwenzangu akanitazama mimi, kisha akatazama ukuta, akasema: "Bado kidogo mama."

Mtu wa suti ya kijivu, kama unapita hapa, jibu simu hiyo wewe.

Ni hayo tu kwa leo. Ya maji ya hosteli, wiki ijayo Mungu akipenda.